Marimba ya Spoki Isiyovuma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwanangu tumetengeneza marimba ya mkononi kwa spoki za baiskeli kuukuu na kipande kinene cha ubao wa paleti. Tulizipasha spoki moto katika jiko la mkaa, tukaziponda zikawa bapa, kisha tukazipasha tena na kuziacha zipoe. Sauti ni hafifu, na kila tukimaliza kuilinganisha inahama baada ya muda mfupi. Tumekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu Msomaji, kosa la kwanza ni ule moto wa mwisho. Spoki huvutwa kiwandani ikiwa baridi, na ugumu inaoupata hapo ndio unaofanya ulimi wa marimba, yaani spoki iliyopondwa, urudi mahali pake kila unapoachiwa na kidole. Chuma kilichoiva kikapoa taratibu hulainika, kikapinda kidogo kila kinapopigwa, na sauti ikahama. Zipondeni upya zikiwa baridi, juu ya chuma kizito, hadi mtakapoona nyundo inaanza kudunda. Wakati wa kulinganisha, sogezeni ulimi kwa milimita moja moja tu, kwani wenye urefu wa sentimita 10 ukifupishwa hadi 7 hupanda takriban oktavu nzima, yaani hadi noti ileile iliyo juu yake. Fito inayozikandamiza ndimi ifungwe kwa waya au skrubu, wala si kwa uzi, ambao hulegea.

Uhafifu wa sauti unatokana na ubao. Ulimi mwembamba hauna nguvu ya kutikisa gogo, kwa hiyo ubao huo uchongwe uwe na uwazi ndani, kisha ufunikwe kwa mbao nyembamba ya milimita 4 hivi, ambayo ukiigonga kwa kifundo cha kidole inaitika. Wagogo wa Dodoma, ambao ilimba yao, yaani marimba yao ya mkononi, mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliifikisha katika majukwaa ya ng'ambo, hutoboa tundu kwenye kisanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, nao hutoa mvumo kama wa nyuki chini ya kila noti. Nawasihi sana mjaribu jambo hili. Tafuteni ukutani ule utando mweupe, mzito kama karatasi ya sigara, muubandue taratibu kwa ncha ya kisu, na mwanao aupachike yeye mwenyewe, maana vidole vyake ni vyepesi kuliko vyako.