Kihispania: kata silabi kwanza, mkazo utajileta

Hapa Arusha wageni wa Kihispania wapo wengi tu, na mimi huwa nawasaidia madogo wanaotaka kutembeza watalii kwa lugha yao. Kila mtu anaogopa zile alama za juu ya herufi, kumbe wala sio shida, kinachotuangusha sisi ni i na u.

Sisi kila vokali tunaipa silabi yake, tunasema fa-mi-LI-a, his-to-RI-a (herufi kubwa ndo penye mkazo). Mhispania akiona i au u isiyo na alama imekaa jirani na a, e au o anazibana pamoja, zinakuwa silabi moja, kwa hiyo kwake ni fa-MI-lia, his-TO-ria, A-gua, GRA-cias, na ile timu ni Va-LEN-cia sio Valensi-a kama tunavyosikia vibandani. Zikikutana a, e, o zenyewe kwa zenyewe hazibanani, te-A-tro, Bil-BA-o. Na i au u ikivaa alama ujue imegoma kubanwa: dí-a, pa-ís, Ma-rí-a.

Konsonanti hazina makuu, ll, rr na ch usizipasue, pr, bl, tr na wenzao pia ziache pamoja (o-tro, ha-blar), ila s ikitangulia inabaki nyuma, es-cue-la. Neno atleta lenyewe Hispania wengi wanakata at-le-ta, Mexico a-tle-ta, wote sawa, usigombane na mgeni.

Ukishakata ndo angalia mwisho wa neno. Likiisha na vokali, n au s, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, yaani kama kwetu kabisa. Konsonanti nyingine, mkazo mwisho: ho-TEL, Ma-DRID, ciu-DAD. Alama ikiwepo inapindua yote, mkazo unaifuata yenyewe, CÁ-diz, MÁ-la-ga. Na usiidharau, hablo ni naongea, habló ni aliongea, sasa msimulie mgeni habari za jana uone anavyokukodolea macho.

Mazoezi fanya na msimamo wa La Liga, acha vitabu. Villarreal inakupa karibu kila kitu, Vi-lla-rre-al, ll na rr hazijapasuliwa, e na a zimeachana, l mwishoni imevuta mkazo kwenye AL. Halafu So-cie-DAD. Osasuna ruka, hiyo hata bibi yangu anaisoma bila kufundishwa.