Rudisheni mapumziko

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni maoni yapi kuhusu filamu ambayo msomaji akiyatoa barazani anazomewa. Yangu haya hapa: Titanic inaanza kaseti ya pili.

Wa umri wangu wataelewa. Filamu ile ya James Cameron ya 1997 inapita saa tatu, na enzi za VHS ilikuja kwa kaseti mbili. Kwenye kibanda umiza chetu, kile chumba cha kuonyeshea video, hapa Ngamiani, Tanga, kaseti ya kwanza ilikuwa ya kusubiria watu wajae. Vijana wakifika mlangoni wanauliza, "Wameshaweka ya pili?" Wakijibiwa ndiyo, ndipo hela inatoka mfukoni. Kwenye ya kwanza Jack bado anamchora Rose, na meli haijagonga hata barafu. Najua ilizoa Oscar 11. Hongera zake.

Ila kinachonikera si urefu. Sholay ya 1975 nayo inapita saa tatu, na sijamsikia mzee yeyote wa Tanga, katika wale waliokuwa wakijaza sinema ya Majestic siku za picha za Kihindi, akilalamika. Tofauti ni mapumziko. Taa zinawashwa, watu wanatoka nje, bisi, soda, ubishi, kisha mnarudi. Mtengenezaji wa Kihindi anajua picha yake itakatwa katikati, kwa hiyo anatega jambo zito huko huko. Kwenye Sholay kijiji kinavamiwa na majambazi, bunduki iko karibu na miguu ya Thakur, bwana mkubwa wa kijiji, naye kajifunika shali, kasimama tu, haiokoti. Unamchukia. Baadaye anasimulia yaliyompata, shali inaanguka mabegani, kumbe hana mikono! Basi wewe nenda kanunue karanga kama utaweza kuzitafuna.

Wamarekani nao walikuwa na utaratibu huo. Gone with the Wind ya 1939 ilikuwa na mapumziko, Lawrence of Arabia ya 1962 vilevile. Siku hizi wanaona ni kumkosea heshima mwongozaji. Mwaka 2023 kumbi kadhaa za Ulaya ziliweka mapumziko kwenye filamu ya Martin Scorsese, Killers of the Flower Moon, yenye saa tatu na dakika 26, zikaambiwa ziyaondoe. Mwaka uliofuata ikatoka The Brutalist ikiwa na mapumziko ya dakika 15 ndani yake, watu wakashangilia kama vile kimevumbuliwa kitu kipya. Karibuni Tanga.

Shemeji yangu ananiambia nimepitwa na wakati, siku hizi kila mtu ana kitufe cha kusimamisha kwenye simu yake. Shemeji, hicho kitufe unakibonyeza peke yako, chai ikichemka. Mapumziko ninayoyadai yamepangwa na aliyetengeneza filamu, na ukumbi mzima unatoka na swali moja.

Oppenheimer, ile filamu ya mtengeneza bomu la atomiki, kwa mfano, saa tatu kamili bila kupumua. Ningeikata bomu la majaribio linapolipuka kule jangwani New Mexico. Taa ziwashwe, watu wakagombane nje kama lilistahili kutengenezwa au la, halafu warudi kwenye ile saa nzima ya mahojiano ya maofisini, ambayo mimi niliitazama kwa jicho moja.