Barua kwa mwanangu: kuhusu yule mzee wa stili

Mama yangu,

Meseji yako nimeisoma asubuhi, nikamsomea na baba yako kwa sauti kwa sababu miwani yake ameikalia. Ati umempata yule jirani yetu wa Denton, mzee wa stili, lile gitaa la kulazwa lenye pedali, binti yake amekupa namba, amestaafu kitambo na muziki aliacha kwa sababu ya vidole, na sasa unauliza umpigie simu kwanza ama uendeshe tu kutoka Houston umgongee mlango, na ukifika umwombe akupigie kitu kidogo urekodi. Hiyo ya simu ama mlango ni yako, wewe ndio unakaa Texas, mimi niliondoka huko watu bado wanaandikiana barua. Inayonikaa kooni ni hiyo ya kumwomba apige.

Mtu anasalimiwa kwanza. Najua unatabasamu, nimewaimbia hiyo tangu mkiwa wadogo, lakini ni kweli. Hata awe daktari, ukikutana naye njiani humwonyeshi kidonda, unamuuliza ameamkaje.

Wewe unamkumbuka kutoka chini. Ulikuwa unaingia kati ya miguu ya stili kuangalia zile fito za chuma na springi, akikanyaga pedali fito inavuta, huko juu uzi unapanda sauti, na wewe unacheka. Mwingine angekufukuza, yeye alikuwa anamwambia kila mtu fundi wake yuko chini. Lakini juu hukuona. Juu kuna nyuzi kumi kwa kila shingo, na mkono wa kushoto umeshika kile kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, hakuna mahali pa kukandamiza, ni mistari tu imechorwa, ukipita kidogo ukumbi wote unasikia. Mkono wa kulia amevaa kucha, ya plastiki kwa dole gumba na mbili za bati kwa vidole. Mguu wa kushoto uko kwa pedali, wa kulia uko kwa ile ya sauti, magoti yanasukuma vyuma vingine huku na huku. Mwili wote uko kazini, halafu ukimwangalia usoni utadhani anasoma gazeti.

Na mchana alikuwa anatengeneza eyakondishen za watu. Wikendi ndio anapakia gari anaenda kupiga kwa kumbi za dansi za upande wa Fort Worth, watu wawili wawili wanazunguka ukumbi na buti zao mpaka usiku wa manane. Hapo karibu kulikuwa na chuo chenye jina kubwa la jazz, wanafunzi wanapita mlangoni kwake na tarumbeta na hakuna aliyejua nani anaishi pale, na yeye hakuwahi kuwaambia.

Tulijuana kwa sababu ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri. Nilikuwa naanika nguo naimba, akatoka na kikombe chake cha kahawa akaniuliza huo wimbo nimeutoa wapi. Nikamwambia kwetu ukifungua redio Jumapili ni Jim Reeves, na alikufa kwa ndege 1964 mimi bado sijaanza hata shule, lakini mama yangu anamjua kuliko anavyomjua chifu. Alikaa chini kwa ngazi. Akaniambia Jim Reeves ni mtu wa hapo Texas, Panola County, na Don Williams pia, Floydada, na ile stili inayolia pole pole kwa rekodi nyingi za mwanzo za Don Williams ni ya bwana anaitwa Lloyd Green. Tangu siku hiyo ilikuwa ni darasa. Ati hiki chombo hakikuanza na mambo ya kofia na farasi, kimetoka Hawaii, kijana anaitwa Joseph Kekuku kule Oahu miaka ya 1880 na kitu. Ati mwaka 1954 mpiga stili anaitwa Bud Isaacs alikanyaga pedali uzi ukiwa bado unalia, kwa wimbo wa Webb Pierce, na wapiga stili wote Marekani wakaanza kutoboa vyombo vyao watie pedali. Baba yako akimwona anakuja na kahawa alikuwa anakumbuka ana mtihani.

Halafu mimi nikamwekea kaseti ya Shirati Jazz, bendi ya benga ya kwetu. Akasikiliza upande wote bila neno. Akaenda akavaa kucha zake, akarudi akasema hilo gitaa la solo linafanya kazi ile ile ya stili, mwimbaji akivuta pumzi unajibu, akirudi kwa maneno unatoka njiani. Akajaribu kulifuata. Benga inakimbia mno, stili inateleza, ikatoka kitu cha ajabu hata baba yako akafunga kitabu akaja.

Sasa ndio maana nilimleta kwa ile sherehe ya Jamhuri kule Dallas, ile ambayo huwa sitaki iongelewe. Kamati walimtaka wenyewe, waliniambia mlete, mlete, itakuwa kali. Stili ni mzigo mama, ukiwa kwa sanduku lake mwanaume mzima anainama, na ampu, na kiti. Alifika mapema, akafunga miguu, akafunga fito moja moja, akatyuni, akakaa. Hakuna aliyemwambia karibu. Chapati zinapita, pilau inapita, mimi niko jikoni na akina mama wengine najua amehudumiwa. Saa tano usiku ndio MC anamkumbuka, na anamtangaza ati tuna mzungu amekuja na meza yake. Watu wakacheka. Akacheka pia.

Akapiga Jim Reeves. Hakuimba, si unajua hakuwa anaimba. Kukanyamaza kabisa, halafu mama mmoja wa makamo, alikuwa amekuja kumtembelea mtoto wake, akaanza kuimba pale alipokaa, Kiingereza cha kanisani, na yule mzee akainua kichwa. Alikuwa haangalii watu akipiga, lakini huyo alimwangalia. Akaanza kumjibu. Mama akivuta pumzi, stili inaingia, mama akirudi, stili imetoka. Mimi nimesimama kwa mlango wa jikoni na bakuli la kachumbari, silijui liko mkononi. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, katikati, MC akampa DJ ishara na spika zikapasuka na disko juu yao wote wawili.

Yule mzee akanyanyua mikono. Akatoa kucha moja, ya pili, ya tatu, akaziweka kwa kale kakopo kake ka tumbaku. Barabarani mpaka Denton hakusema lolote juu ya hao watu, aliuliza tu yule mama anatoka wapi, nikamwambia Siaya, akasema anaimba akiwa na subira. Huyo MC saa hii ni mtu mkubwa, tunakutana kwa harusi, ananiita sista. Namsalimia. Si nimesema mtu anasalimiwa.

Kwa hivyo unaona. Hao walitaka stili, mtu hawakumtaka. Sasa wewe uende baada ya miaka hii yote na simu mkononi, nyekundu inawaka, kwa mtu ambaye vidole vimekataa? Mimi naona hapana.

Lakini tena najisikia nikisema hapana na najiuliza, na asipoombwa je? Mtu amepiga maisha yake yote, anatembelewa na fundi wake wa chini ya stili, wanakunywa kahawa, wanaongea hali ya hewa, na hakuna anayetaja. Hiyo nayo ni kumzika mapema. Hata bibi yako aliposhindwa kusuka tulikuwa tunamletea makuti atuonyeshe makosa yetu, na alikuwa anayaona kweli kweli. Labda hataki kupiga lakini anataka kuongea kuhusu kupiga. Labda stili iko sebuleni imefunikwa na anangoja mtu aulize. Mimi sijui, na sitaki useme mama alisema. Ukinibana sana nitasema acha simu kwa gari, lakini sijasema.

Kile najua ni kwamba mwambie jina lako lote, na umwambie ni yule wa kuvuta springi, kwa sababu alikuacha na meno mawili mbele na sasa wewe ni mtu wa gari. Mwambie Sir Elvis ni Mkenya na anaimba kantri Nairobi na watu wanajaa, atafurahi. Akikuuliza habari za yule mama wa Siaya, mwambie sikujua jina lake.

Baba yako anataka umuulize, kama ile stili yake ya MSA aliiuza, ni pesa ngapi. Nimemwambia atafute miwani ingine.

Mama