Mimi ningebeba gobore

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: ukipewa safari ya kurudi zama za kati, ukaruhusiwa bunduki moja tu itengenezwayo leo na mzigo usiozidi kilo 15, ungechagua ipi? Kwangu limeleta ubishi tangu Jumapili. Wanangu wawili wanataka AK-47. Shemeji yangu, ambaye sinema zimemharibu, anataka ile ya kudungulia yenye darubini. Mimi nikasema gobore, wakanicheka mpaka chai ikapoa.

Tuanze na hiyo AK. Risasi yake moja ina uzito wa gramu 16 hivi. Bunduki yenyewe na magazini kumi za risasi 30 zinapita kilo 10, na hapo una risasi 300 tu. Kasi yake ni risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo ukikaza kidole bila kuachia, utajiri wako wote ni nusu dakika. Najua, mtu mwenye akili atapiga moja moja. Lakini hata yeye, ya 300 ikishatoka, amebaki na rungu la bei mbaya. Huko aendako nani atamtengenezea nyingine? Ganda la shaba fundi hodari angeweza kuhangaika nalo. Kitakachomshinda ni fataki, kile kidude cha kitakoni kinachogongwa kikawasha baruti. Fataki za namna hiyo hazikuwapo mpaka karne ya 19.

Halafu "zama za kati" ni karibu miaka elfu moja, lazima uchague pa kushukia. Shemeji anataka vita vya Agincourt, Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415, awadungue mashujaa wa deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani. Sawa, deraya haizuii risasi ya leo. Ila Mfalme Henry V wa Uingereza alikuwa na wapiga upinde wapatao 5,000, na aliyefundishwa vizuri aliweza kuachia mishale kumi kwa dakika. Wape podo moja moja tu la mishale 24, hiyo ni mishale 120,000. Atakayemuua shemeji si bwana mkubwa wa deraya, ni kijana wa shamba mwenye matope mpaka magotini.

Mimi ningeshuka wiki chache kabla, Harfleur, mji wa bandari kwenye mlango wa mto Seine. Henry aliuzingira tangu katikati ya Agosti mpaka ukasalimu amri tarehe 22 Septemba, na aliupiga kwa mizinga. Mizinga ndiyo inayonipeleka huko. Penye mizinga pana shura, salfa na makaa, na pana watu wanaojua kuvichanganya vikawa baruti. Risasi ya kuyeyusha, yaani madini yenyewe, nayo haikuwa shida: makanisa mengi ya Ulaya yaliezekwa kwa hiyo. Zaidi ya hayo, baadhi ya mafundi wa mizinga wa Henry walikuwa wageni wa kukodiwa kutoka ng'ambo. Mgeni asiyejua lugha lakini anayejua baruti alikuwa na mahali pa kula.

Babu yangu alikuwa na gobore, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumshikia pembe ya baruti. Unamimina kipimo, unaweka kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unavuta mtambo nyuma, unavika fataki. Nusu dakika nzima, na nguruwe hawasubiri. Lakini sikuwahi kumsikia babu akisema bunduki imekataa chakula. Baruti ikiwa chafu aliongeza kidogo, na risasi alizimimina mwenyewe kwenye kalibu, usiku, jikoni kwa bibi, ambaye hakupenda hata kidogo. Kilichomtesa ni unyevu. Asubuhi ya umande ulisikia "ta!" tupu, kisha matusi.

Msiniambie gobore si la kisasa. Yapo yanayotengenezwa leo, kwa chuma cha leo kisichopasuka ovyo usoni, na watu wanawindia. Langu lingekuwa la fataki, kwa sababu ya mvua za Oktoba za kule. Fataki 1,000 hazifiki nusu kilo, nazifunga kwenye nailoni mara tatu. Kalibu, mdeki wa akiba, mafuta, basi. Na nisingefyatua mbele ya mapadri kabla ya kujulikana: Rouen, mji wa juu kidogo kwenye mto huohuo, ndiko walikomchoma moto Joan wa Arc, yule msichana wa Kifaransa aliyeongoza vita, mwaka 1431 kwa kosa la uzushi wa dini.

Kilo zinazobaki ni za maji. Jeshi la Henry pale Harfleur lilipukutishwa na kuhara damu kuliko lilivyopukutishwa na Wafaransa, na mfalme mwenyewe, alipokufa mwaka 1422 akiwa na miaka 35, wengi wanasema ni ugonjwa huohuo. Kwa hiyo nabeba vidonge vya kusafishia maji na pakiti nyingi za ORS, ile chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, kadiri mzani unavyoruhusu. Wanangu wanasema huko ni kukwepa swali. Wao hawajawahi kuharisha kambini.

Mwanangu mdogo ndiye aliyenibana kweli: "Na fataki zako zikiisha, baba?" Nimelala nalo siku mbili. Nitabeba mtambo wa pili, ule wa gumegume, unaowasha baruti kwa cheche za jiwe, pamoja na tundu lake la kuwashia, vifungwe kwenye bunduki ileile. Pwani ile ya Normandy ina majabali ya chokaa, na mawe ya gumegume yamejaa ndani yake. Mawimbi huyaangusha, ufukweni unayakanyaga.

Msomaji wenu,
Morogoro