Kurekodi nondo nyumbani kwa mtego wa taa

Mkuu, umeuliza nondo wa bustanini, hao vipepeo wa usiku, warekodiwe vipi, na kama taa haitakuletea waharibifu kwenye matembele. Mimi natega hapa Morogoro, bustani ya kawaida tu yenye mipapai na matembele, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

Vifaa visikutishe. Tundika shuka jeupe ukutani, mbele yake taa ya urujuanimno (UV). Hata zile za kukagulia noti bandia huvuta kuliko balbu ya sebuleni, ila usizitazame, zinaumiza macho. Ukitaka kulala, tumia ndoo: taa juu, faneli chini yake, ndani trei za mayai. Nondo akiingia hujibanza kwenye vishimo vya trei na kutulia hadi asubuhi. Mapema, kabla shorewanda hawajaamka vizuri, waachie kwenye majani mazito, na ubadilishe mahali kila mara maana ndege hujifunza haraka.

Usiku mzuri ni wa giza, joto na mawingu, upepo umetulia. Mbalamwezi hupunguza sana. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha usitege, kumbikumbi watajaza ndoo. Na Nairobi fly, yule mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, akikutua shingoni mpulize, usimponde. Sumu iliyo mwilini mwake ndiyo inayobabua ngozi.

Sasa daftari, ambalo kwangu ndilo kazi yenyewe. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, mwezi angani ukoje, aina ya taa na idadi. Usiku asipokuja hata mmoja, andika sifuri. Taa iwe ileile, mahali palepale; ukibadili chochote kiandike, la sivyo mwakani hutajua kama nondo wameongezeka au taa ndiyo imekuwa kali. Piga picha juu na ubavuni, rula ikiwa kando, uziweke iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe. Wale wadogo wa kahawia wengi hawatambuliki kwa picha, waishie kwenye jina la familia, yaani kundi lao kubwa. Jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi tupu.

Kuhusu matembele: yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani ni wa nondo Agrius convolvuli, mkubwa, wa kijivu, tumbo lina mistari ya waridi. Taa haimwiti kutoka kijiji cha pili, inawakusanya walio jirani; iweke mbali na matuta na uizime ukimaliza. Ukimwona kwenye shuka, siku zinazofuata kagua majani na uokote viwavi kwa mkono. Usipulize dawa bustani nzima, nakusihi. Nondo wa familia yake, Sphingidae, ndio wanaobeba chavua jioni kutoka mipapai dume kwenda majike. Wewe una mipapai? Kaa karibu nayo giza linapoingia, maua yanapoanza kunukia, uwaandike na hao.