Maswali ya Wasomaji: Mpango wa Kuendeleza Mji Upya na Haki ya Mwenye Nyumba

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina nyumba ya vyumba sita Manzese niliyoijenga kidogo kidogo kwa biashara ya vitenge. Mbele yake zipo fremu mbili. Moja nauza mwenyewe, nyingine nimempangisha fundi cherehani. Katika mkutano wa mtaa tulielezwa kwamba eneo letu limo katika mpango wa uendelezaji upya na kwamba patajengwa maghorofa. Mimi nina leseni ya makazi tu, yaani kibali cha muda cha kukaa kwenye kiwanja, sina hati. Bati limeoza, lakini majirani wananionya nisitie jipya kwa kuwa fedha hiyo itapotea. Je, nitalipwa, au nitaambiwa ni mvamizi?
Mama wa Manzese, Dar es Salaam

JIBU: Mama, hofu yako ni ya wengi, na inatokana na kuchanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga. Mpango wa mji, hata ule Mpango Kabambe wa Jiji la Dar es Salaam wa 2016–2036, unaeleza ardhi itumikeje. Haumwondoi mtu katika nyumba yake. Nyumba hutwaliwa kwa hatua nyingine kabisa, yenye notisi yake, uthamini wake na malipo yake, na kati ya hatua hizo mbili miaka mingi inaweza kupita. Kigamboni ni mfano wa karibu: mji mpya ulitangazwa mwaka 2008, wenye maeneo wakazuiwa kuyaendeleza, na Daraja la Nyerere linalounganisha Kigamboni na katikati ya jiji lilipofunguliwa mwaka 2016 mji huo ulikuwa bado uko kwenye michoro. Hakuna kifungu cha sheria kinachomlipa mtu kwa kuvumilia paa linalovuja.

Kwa hiyo tia bati. Tunza risiti na piga picha kabla na baada ya kazi. Jambo la kuepuka ni kuongeza vyumba bila kibali cha ujenzi, au kujenga chochote baada ya uthamini kufanyika, kwa maana kilichoongezwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi.

Kuhusu leseni, usikubali kuitwa mvamizi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 3, inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati ilipwe si kwa mwenye hati peke yake, bali pia kwa mtu ambaye ukaaji wake wa muda mrefu unatambulika. Leseni yako, stakabadhi za kodi ya majengo na barua ya serikali ya mtaa ni ushahidi wa ukaaji huo. Ikiwa leseni imekwisha muda wake, ihuishe sasa, kabla wathamini hawajafika.

Siku ya uthamini yenyewe ndiyo inayostahili hofu yako zaidi kuliko mkutano wowote. Mthamini atapima nyumba, ataorodhesha kila kitu, na kwa kawaida atakupiga picha ukiwa umesimama mbele ya mlango na kibao chenye namba. Usiwe safarini siku hiyo, na usisaini fomu ambayo bado ina mistari mitupu. Hakikisha choo cha nje, kisima, ukuta na miti vimeandikwa. Kwa kanuni za mwaka 2001, fidia si thamani ya nyumba na kiwanja peke yake. Ipo posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya malazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36 kwa bei ya soko. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi inaleta shilingi 10,800,000 kwa posho hiyo pekee. Biashara nayo hufidiwa faida halisi ya mwezi mara 36, ila lazima ithibitishwe kwa hesabu, na hapa ndipo wauzaji wengi wa fremu wanapoumia, kwa sababu daftari la mauzo halipo. Lianze leo. Mwambie na fundi cherehani aandike lake, kwani faida ya biashara yake ni yake, si yako.

Wasomaji kadhaa wamenitajia Magomeni Kota kama kielelezo. Zile kaya 644 zilizojengewa maghorofa walikuwa wapangaji wa nyumba za umma, na utaratibu wao haufanani na wa mwenye nyumba. Usijenge matumaini yako juu yake.

SWALI: Tulithaminiwa kwa ajili ya mradi mmoja wa jiji zaidi ya miaka miwili iliyopita. Majedwali ya fidia yalishaidhinishwa, lakini hatujalipwa, na saruji imepanda bei. Tuendelee kusubiri?
Msomaji wa Kinondoni

JIBU: La, msisubiri kimya. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema kwamba malipo yasipotolewa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, yanaanza kuzaa riba kwa wastani wa viwango vya amana za muda maalumu katika benki za biashara. Ikipita miaka 2, uthamini huo unapoteza nguvu na lazima ufanyike mwingine. Andikeni barua moja ya pamoja mkiomba tarehe ya uidhinishaji kwa maandishi, kwa sababu bila tarehe hiyo hamwezi kudai riba wala uthamini mpya. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

SWALI: Tuko ndugu watano na nyumba ya Kiswahili ya marehemu baba, Kariakoo. Mwekezaji anataka kujenga ghorofa kwa ubia, sisi tupewe sakafu mbili, na ameomba tumkabidhi hati kwanza. Kaka yetu mkubwa amekwisha kubali.
Msomaji wa Ilala

JIBU: Kaka yenu hana mamlaka ya kukubali isipokuwa mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi, anzeni hapo. Hati isihamie kwa mwekezaji. Mkataba uandikwe na wakili wenu, si wake, nao utaje idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na kibali, mtakapoishi wakati wa ujenzi na nani atalipa kodi ya pango huko, pamoja na wajibu wa kuwapatia hati za sehemu zenu chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Sakafu mbili bila hati zenu wenyewe ni ahadi tu. Na tangu jengo lilipoporomoka hapo hapo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sioni mwenye kiwanja anawezaje kusaini chochote kabla ya kumlipa mhandisi wake mwenyewe akague michoro.