Nimechoka na uhasibu: niache kazi kwanza?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 34, mhasibu kwa miaka tisa. Tangu mkuu mpya wa idara aingie mwaka jana, napigiwa simu hata Jumapili usiku nirekebishe taarifa ambazo yeye mwenyewe amezipitisha Ijumaa. Wenzangu wawili wameondoka, kazi zao nimerundikiwa mimi. Silali vizuri, na asubuhi nikifika mlangoni tumbo linanikaza. Kufunga hesabu za mwezi tu ndiko bado kunanipa raha. Nilihudhuria semina, nikafanya jaribio la haiba lenye aina 16 za watu, likasema mimi ni msanii. Mwezeshaji akanishauri niache kazi kwanza ndipo njia ifunguke, na nilipie darasa la pili. Nafikiria usanifu wa grafiki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari kila kinachokuumiza: simu za Jumapili, taarifa iliyokwisha kupitishwa ikarudi tena, mzigo wa watu wawili juu ya mgongo mmoja. Kisha nikatafuta uhasibu wenyewe umekukosea nini. Sikuona. Umeutaja mara moja tu, tena kwa sifa.

Hili nakutana nalo karibu kila wiki, na linaniuma kwa sababu watu wazuri wanatupa miaka yao kwalo. Mtu anachoshwa na mahali, anadhani amechoshwa na fani. Uchovu wa aina hii unajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini, wala si ugonjwa, na likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Hiyo ya pili ndiyo inayodanganya. Moyo ukishajitenga, hata kile ulichokuwa ukikipenda unakiona hakina ladha, nawe unahitimisha kwamba hukuumbiwa kazi hiyo.

Wanasaikolojia Christina Maslach na Michael Leiter, waliochunguza uchovu huu kwa miaka mingi, walitaja maeneo sita ambayo mtu na kazi yake hukwaruzana: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyaamini. Yapitie moja moja. Kwako naona mawili ya kwanza yanawaka moto, huenda na la haki. Hakuna kati ya hayo linalotibiwa na kujifunza grafiki. Msanifu naye hupigiwa simu Jumapili usiku, tena na wateja watano badala ya mkuu mmoja.

Sasa hilo jaribio. Lililo maarufu zaidi kati ya yenye aina 16, la Myers-Briggs, lilitungwa na mama na bintiye ambao hawakusomea saikolojia. Linachukua sifa ambazo watu wengi wako katikati yake, linazikata kwa mstari mmoja: huku kundi hili, kule lile. Aliye karibu na mstari akijibu tena baada ya wiki chache, anaweza kujikuta upande wa pili. Wanaolimiliki wenyewe wanasema lisitumike kuamua nani aajiriwe. Leo wewe unaombwa ulitumie kuamua kuacha mshahara! Umelijibu ukiwa hujalala, tumbo limekukaza. Lilichopima ni hali yako ya siku ile.

Na hili la "acha kwanza, njia itafunguka" nalipinga kwa nguvu zangu zote. Mtu asiye na kipato hachagui, anapokea. Nimewaona wakiacha fani waliyoisomea kwa ndoto, na baada ya miezi kadhaa wakakubali kazi mbaya kuliko waliyoikimbia, kwa sababu kodi haingoji.

Simwambii kila mtu abaki. Mchumi Steven Levitt wa Chicago aliwaalika watu waliokwama kwenye maamuzi makubwa, kuacha kazi yakiwemo, warushe sarafu mtandaoni iwaamulie. Ilirushwa zaidi ya mara 20,000. Waliofanya mabadiliko, walipoulizwa baada ya miezi sita, kwa jumla walisema wana furaha zaidi. Wahamasishaji wakilisikia hilo hulibeba kama bendera. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wendy Boswell na wenzake, uliowafuatilia mameneja, ulionyesha kwamba kuridhika hupanda mara tu mtu anapohama, kisha hushuka. Raha ya miezi ya mwanzo si ushahidi kuwa umepata fani yako.

Mwalimu mmoja alikuja kwangu barua ya kuacha kazi iko tayari ndani ya bahasha. Nilimwomba aweke daftari dogo mfukoni kwa wiki tatu, na kila saa ya kazi inapokwisha aandike alichofanya, alikuwa na nani, na alama ya kujumlisha au kutoa. Tulipolifungua, saa za darasani zilikuwa na alama ya kujumlisha, hata siku ambazo wanafunzi walimsumbua. Alama za kutoa zote ziliangukia vikao vya alasiri na fomu za kujaza. Alihama shule. Bado anafundisha.

Anza na daftari hilo, na hilo la usingizi na tumbo mpelekee daktari wiki hii. Wakati huohuo tuma maombi ya uhasibu kwingine, na mwandikie mkuu wako orodha ya kazi ulizorundikiwa, umuulize ipi isubiri. Akijibu vibaya, umejua. Ukitaka kuipima grafiki, chukua kazi moja ya mteja asiyekujua, anayelipa na anayeweza kuikataa. Akikurudishia mara ya tano ubadilishe rangi, angalia moyo wako unasema nini. Kisha gawanya akiba yako kwa matumizi ya mwezi, uone ina miezi mingapi. Barua ya kuacha iandike baada ya hayo yote, si kabla.

Wewe unayesoma, ambaye nawe umeambiwa uruke bila kutazama chini, muulize aliyekuambia: waliofuata ushauri wako miaka miwili iliyopita wako wapi leo, na wewe unakula kwa kazi uliyoihubiri au kwa ada zetu? Wengi wa wahamasishaji hawa bidhaa yao ni ukumbi kujaa, basi.

Ile ada ya darasa la pili, ndugu yangu, usilipe. Iingize kwenye akiba.